Betri ya Gari la Kikundi: Pimeni Kwanza, Ndipo Mnunue

Vikundi vingi vya kujisaidia vina gari moja tu. Mara nyingi ni Land Rover ya zamani au Land Cruiser pikapu ambayo wanachama walichanga pesa miaka mingi kulinunua. Gari hilo ndilo hubeba maziwa, nyanya na mbolea. Usiku ndilo humpeleka mama mja mzito hospitalini, mahali ambapo matatu hazifiki. Basi gari kama hilo likikataa kuwaka, si dereva peke yake anayepata shida, ni kijiji kizima.

Mara nyingi lawama ya kwanza huiangukia betri. Mtu mmoja anasema, "Betri imekufa, tununue nyingine." Mwekahazina anatoa pesa, kijana anatumwa mjini, naye anarudi na betri yoyote aliyoipata kwa bei nafuu. Baada ya miezi sita gari limegoma tena. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Hata Bwana Yesu, katika Injili ya Luka sura ya 14, alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba ni lazima akae kitako kwanza apige hesabu. Tufanye vivyo hivyo na betri.

JE, BETRI IMEKUFA KWELI?

Betri iliyoishiwa umeme si sawa na betri iliyokufa. Iliyoishiwa huchajiwa na kurudi kazini. Iliyokufa hairudi. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, fanyeni hivi:

1. Tazameni vichwa vya betri, yaani pale nyaya zinapofungwa. Vikiwa na unga mweupe au wa kijani, au waya unacheza mkononi, umeme haupiti vizuri. Fungueni, sugueni kwa brashi ya waya, osheni kwa maji ya moto yaliyotiwa magadi kidogo, kausheni, halafu mkaze. Angalieni maji hayo yasiingie ndani ya betri. Magari mengi hupona hapo hapo, bila gharama.

2. Fuateni ule waya mnene unaotoka upande wa hasi (-) mpaka unapofungwa kwenye chasisi au injini. Kwa magari ya barabara mbovu, mahali hapo hushika kutu na matope.

3. Washeni taa kubwa za mbele, halafu jaribuni kuwasha injini. Taa zikizimika kabisa, betri ni dhaifu au nyaya zimelegea. Taa zikibaki na mwanga mkali na mnasikia "tak" tu, shida huenda iko kwenye stata. Betri mpya haitatibu stata.

4. Tazameni mkanda unaozungusha altaneta. Ukiwa umelegea, betri haipati chaji hata gari likizunguka siku nzima.

Kama fundi wenu ana mita ya kupima volti, na siku hizi mita hizi si ghali, kikundi kinaweza kununua yake, pimeni gari likiwa limelala usiku mzima bila kuwashwa. Betri ya volti 12 iliyojaa huonyesha volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikionyesha 12.4 imebaki na kama robo tatu. Ikionyesha 12.2 imebaki nusu. Ikifika 12.0 imebaki kama robo, na chini ya 11.9 ni kama tupu.

Halafu washeni injini mpime tena. Gari linalochaji vizuri huonyesha kati ya volti 13.8 na 14.4 hivi. Ikiwa mita inabaki kwenye 12 na injini inanguruma, altaneta haichaji. Mkiweka betri mpya katika gari kama hilo, nayo itaisha baada ya siku chache tu. Ikipanda kupita 15, altaneta inachaji kupita kiasi, na betri mpya itachemka mpaka ikauke. Tengenezeni kosa hilo kwanza.

Mwishoni, chajini betri usiku kucha. Kipimo kizuri ni sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake: betri ya 70 Ah ichajiwe kwa ampea 7. Iacheni ipumzike siku moja bila kutumiwa, kisha mpime. Ikiwa imeshuka tena chini ya 12.4, au mkiwasha injini volti zinaanguka chini ya 9.6, hapo sasa mnaweza kusema imekufa.

Fundi mwenye haidromita anaweza kupima maji ya kila seli. Betri ya volti 12 ina seli sita. Seli tano zikisoma karibu 1.260 na moja ikasoma 1.150, hiyo moja imeharibika, na betri nzima ni ya kubadilishwa.

MAMBO MATANO YA KUTAZAMA DUKANI

Betri ya kuwashia gari ina mabamba membamba ya risasi yaliyokaa ndani ya asidi. Kazi yake ni kutoa umeme mwingi sana kwa sekunde chache, kisha altaneta inarudisha kile kilichotoka. Tukikumbuka kazi hiyo, hatutadanganyika kwa urahisi.

La kwanza: itoshee na vichwa vikae upande wake. Nendeni dukani na betri ya zamani, au mwandike urefu, upana na kimo chake. Betri ndefu kuliko sanduku lake haifungiki. Ile ya kimo kirefu inaweza kugusa boneti, na chuma cha boneti kikigusa vichwa vyote viwili moto unaweza kuwaka. Pia wekeni mpya na ya zamani bega kwa bega mtazame kichwa cha chanya (+) kiko upande gani. Kikikaa upande mwingine, waya hautafika, au dereva mwenye haraka atafunga kinyume na kuunguza altaneta. Kichwa cha chanya ni kinene kidogo kuliko cha hasi.

La pili: nguvu itoshe injini. Kwenye betri mtaona maandishi kama N50, N70 au N100. Hayo ni majina ya ukubwa, na N100 ni kubwa kuliko N70. Mtaona pia herufi Ah, ambazo hueleza umeme uliohifadhiwa. Betri ya 70 Ah yaweza kutoa ampea 3.5 kwa muda wa saa 20. Nyingine zina herufi CCA, yaani nguvu ya kuwasha injini penye baridi kali. Kadiri namba ya CCA inavyokuwa kubwa, ndivyo betri inavyosukuma stata kwa nguvu.

Injini ya dizeli hubana hewa zaidi ya ile ya petroli, kwa hiyo stata yake hunywa umeme mwingi, ampea mia kadhaa kwa mara moja. Msikubali kuambiwa kwamba betri ya gari dogo la petroli "itasukuma tu" dizeli ya lita nne. Itasukuma wiki chache wakati wa jua. Ukifika mwezi wa Julai kule Limuru, Kinangop au Molo, ambako asubuhi oili huwa nzito kwa baridi, mtakuwa mnasukuma gari kwa mikono.

Wengine huogopa kwamba betri kubwa itaunguza stata. Sivyo. Volti ni zile zile 12, na stata huchukua umeme inaouhitaji tu. Kubwa kidogo haidhuru, mradi itoshee mahali pake. Ndogo ndiyo mbaya. Lakini angalieni: gari lenu likiwa na betri mbili, mwulizeni fundi kama zimeunganishwa ziwe volti 12 au 24, na mbadilishe zote mbili kwa pamoja. Nzee huivuta mpya, zote zikachoka.

La tatu: aina ipi? Kuna betri za vifuniko, ambazo mnafungua na kuongeza maji. Kuna zilizofungwa kabisa, ambazo watu huziita za bila kuongeza maji. Na kuna zile ambazo asidi yake imenyonywa na pamba ya kioo katikati ya mabamba, zenye herufi AGM. Hizi za AGM huvumilia mtikisiko vizuri na hazimwagiki hata gari likilala ubavu, lakini bei yake iko juu, na altaneta ikichaji kupita kiasi huharibika bila njia ya kuziponya.

Kwa vikundi vingi vya mashambani, hasa sehemu za joto kama Lodwar, Garissa na Magadi, betri ya vifuniko ni chaguo zuri. Joto hukausha maji ya betri na kula mabamba yake upesi. Ya vifuniko mnaweza kuiona ndani na kuiongeza. Ile iliyofungwa yafaa kama mnajua hakuna mtu atakayekumbuka kuikagua, na altaneta yenu imepimwa ikawa nzuri.

Msinunue betri ya sola mkaiweka kwenye gari. Ya sola ina mabamba manene ya kutoa umeme polepole usiku kucha. Haikuumbwa kwa stata. Na ya gari vile vile haifai sola. Kila moja ina kazi yake, kama ng'ombe wa maziwa na punda wa mizigo.

La nne: umri. Betri yenye asidi ndani hupoteza umeme hata ikikaa rafuni. Ikikaa tupu muda mrefu, mabamba hushika ugumu na haiponi tena. Mwulizeni mwenye duka tarehe ya kutengenezwa ambayo imepigwa mhuri kwenye betri, na awaonyeshe jinsi ya kuisoma. Isizidi miezi sita. Mwambieni aipime kwa mita mbele yenu. Ikisoma chini ya 12.4, chagueni nyingine. Betri kavu, zinazotiwa asidi siku ya kuuzwa, hukaa dukani muda mrefu zaidi bila kuharibika, lakini ni lazima duka liichaji vizuri baada ya kuitia asidi. Msiharakishe kazi hiyo.

La tano: dhamana na risiti. Tafuteni duka linalojulikana, lenye kadi ya dhamana iliyopigwa mhuri na kuandikwa tarehe. Tazameni alama ya ubora ya KEBS. Katibu atunze kadi na risiti kwenye faili ya kikundi, si kwenye gari. Jihadharini na betri kuukuu zilizooshwa na kupakwa rangi zikauzwa kama mpya. Vichwa vyenye mikwaruzo ya spana ni dalili kwamba ilishawahi kufungwa kwenye gari lingine.

HESABU YA MWEKAHAZINA

Tupige hesabu ya mfano tu. Tuseme betri moja ni shilingi 9,000 na inadumu mwaka mmoja. Nyingine ni shilingi 15,000 na inadumu miaka mitatu. Ya kwanza inakula shilingi 750 kila mwezi. Ya pili inakula karibu shilingi 417. Je, rahisi ni ipi? Na hapo hatujahesabu maziwa yaliyoganda siku gari lilipogoma, wala nauli ya fundi.

Njia nzuri ni kuweka akiba ya betri kila mwezi tangu siku ile mpya inapofungwa. Mkiweka shilingi 500 kwa mwezi, siku betri itakapochoka hamtaitisha mchango wa dharura.

BARABARA MBOVU HUUA BETRI

Jambo hili wengi hawalijui. Katika barabara ya mawe na mashimo, betri isiyofungwa vizuri hurukaruka. Kila inaporuka, unga ulio juu ya mabamba hupukutika na kuanguka chini. Unga ukijaa, mabamba hugusana na seli inakufa. Hata betri ya bei ghali ikiachwa bila bano, barabara ya kwenda machimboni itaimaliza.

Kwa hiyo, siku ya kufunga betri mpya hakikisheni bano la chuma lipo na limekazwa. Kamba ya katani au kipande cha mpira wa tyubu si bano. Fundi wa jua kali anaweza kulichomelea kwa pesa kidogo. Trei ikiwa imeliwa na kutu, mfanye kazi hiyo kwanza. Lakini msikaze kupita kiasi, kasha la plastiki litapasuka.

Wakati wa kufungua, toeni waya wa hasi (-) kwanza, na wakati wa kufunga, mwisheni na huo. Sababu ni hii: mkianza na wa chanya na spana iguse bodi ya gari, cheche kubwa itatokea. Betri inayochajiwa hutoa hewa inayolipuka, kwa hiyo msivute sigara karibu wala kuwasha kiberiti ili kutazama maji usiku. Tumieni tochi. Asidi ikimwagika mwilini au machoni, osheni papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka, na ya macho mwende zahanati bila kuchelewa.

KUITUNZA

Dereva apewe kazi hii na iandikwe kwenye kitabu cha gari:

- Kila wiki mbili, afungue vifuniko atazame maji. Yafunike mabamba kwa kiasi cha kama sentimita moja.
- Yakipungua, aongeze maji ya betri yaliyosafishwa, yanayouzwa kwenye chupa. Maji ya kisima, ya mto na ya mvua kutoka mabatini yana chumvi na uchafu. Asiongeze asidi, kwa maana kinachokauka ni maji, si asidi.
- Kila mwezi asafishe vichwa, avipake grisi na akaze bano.
- Gari likikaa bila kutumiwa wiki mbili au zaidi, afungue waya wa hasi, au aliwashe na kuliendesha kwa muda wa kutosha.

Na sasa neno moja kwa kwaya zetu. Jumapili nyingi betri ya gari hutolewa ikapelekwa kupigisha vipaza sauti. Tuseme amplifaya inakunywa ampea 5 kwa saa 6. Hizo ni 30 Ah, yaani zaidi ya theluthi moja ya betri ya 70 Ah. Ikifanywa hivyo kila wiki, mabamba membamba huchoka mapema. Tena usiku ule ule mgonjwa anaweza kuletwa. Kwaya inunue betri yake ya sola. Hilo si kunyima kazi ya Bwana, ni kulinda gari linalookoa maisha.

BETRI KUUKUU SI TAKATAKA

Ndani ya betri iliyokufa kuna kilo nyingi za risasi pamoja na asidi. Risasi ni sumu, hasa kwa watoto na akina mama wajawazito. Huharibu akili ya mtoto polepole, bila kuonekana.

Tunalo funzo hapa hapa Kenya. Katika kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kwa miaka kadhaa kuanzia 2007, na watu wa hapo, watoto kwa wakubwa, wakaingiwa na sumu ya risasi. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda hicho, aliwaongoza wakazi kudai haki yao, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baadaye kesi ikaendelea kwenye rufaa.

Basi msimwage asidi shambani wala mtoni. Msivunje betri ili kupata risasi ya kutengenezea vizito vya nyavu. Irudisheni dukani siku ya kununua mpya. Maduka mengi hupunguza bei kidogo ukirudisha ya zamani. Wala msimuuzie mnunuzi wa vyuma chakavu asiye na leseni ya NEMA. Aliyeshika betri anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula au kumbeba mtoto.

KWA UFUPI

Pimeni kabla ya kulaumu. Tengenezeni altaneta na nyaya kabla ya kununua. Chagueni betri inayotosha sanduku, injini na hali ya hewa yenu. Fungeni kwa bano. Tunzeni. Rudisheni kuukuu. Mkifuata haya, shilingi za wanachama zitafanya kazi zilizotolewa kwa ajili yake, na usiku mtu atakapobisha mlango akilia kwamba mama anazidiwa, gari litawaka.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Betri ya gari letu ilinunuliwa lini, na risiti iko kwa nani?
2. Je, bano lipo? Nani aliliona mara ya mwisho?
3. Ni nani anayekagua maji ya betri, na je, anaandika mahali?
4. Tunaweka kiasi gani kila mwezi kwa ajili ya betri ijayo?
5. Betri tulizotupa zamani zilikwenda wapi? Je, kuna iliyo nyuma ya nyumba ya mtu, mahali watoto wanachezea?

Mungu aibariki kazi ya mikono yenu.